Jinsi ya kulisoma daraja la Stari Most ukifika Mostar

Watu wengi wakifika Mostar kule Bosnia wanakimbilia juu ya daraja, picha mbili tatu, wameondoka. Usianze juu. Shuka kwanza mpaka ukingoni mwa mto Neretva uliangalie tao kwa chini, maana historia yake yote iko huko tumboni.

Utaona tao moja tu, nguzo hata moja majini hakuna, limevuka karibu mita 29. Kabla yake palikuwa na daraja la mbao la kuning'inia kwenye minyororo, likiyumba watu wanaogopa, ndo Sultani Suleiman, mtawala wa dola ya Waturuki wa Osmani, akaagiza la mawe, kazi akapewa Mimar Hayruddin mwanafunzi wa Sinan, yule msanifu majengo mkuu wa Sultani, likaisha 1566. Sasa tulia hapo uangalie mawe yanavyobanana. Mafundi wanaweka fremu ya mbao chini, wanapanga mawe toka pande zote mbili mpaka yakutane juu katikati, afu fremu inatolewa na kila jiwe linamsukuma mwenzake mpaka uzito wote unaishia kwenye kingo. Hawa wa Mostar waliongeza na vyuma vya kushikiza mawe wakavimiminia risasi iliyoyeyushwa, yaani ile madini sio ya bunduki. Jiwe lenyewe linaitwa tenelija, la hukohuko kwao, rangi ya weupe hivi.

Halafu ujue hili unaloliona ni la kujengwa upya. Tarehe 9 Novemba 1993, wakati wa vita, vikosi vya Wakroati wa Bosnia walilipiga mizinga mpaka likadondoka mtoni, daraja la miaka zaidi ya 400. Wapiga mbizi wa jeshi la Hungary waliopoa mawe, ila mengi hayakufaa tena, ikabidi yachongwe mapya ya tenelija ileile kwa mbinu za zamani, likafunguliwa 23 Julai 2004 na mwaka uliofuata UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia. Kuna wanaoliita feki, mimi nakataa kabisa, umbo ni lile, jiwe ni lile, na watu wa pale wanavuka kwenda ng'ambo kama zamani.

Sasa panda. Vaa raba zenye meno maana mawe yamelainika na mteremko ni mkali, ukanyage kwenye vile vipande vilivyoinuka ndo vimewekwa kuzuia kuteleza. Kama ni kiangazi subiri kidogo, utawaona vijana wanaruka toka juu kabisa, mita zaidi ya 20. Wewe usijaribu, wale wamefundishwa, na Neretva ni ya baridi hata jua likiwaka.