Unarudi Desemba na utaendesha Canter ya nyumbani? Anza na kiti

Kila Desemba barabara ya Arusha kwenda Moshi hujaa watu wanaorudi Uchaggani. Wengi wetu tunaotoka nje, hata mabegi hatujafungua tayari tunakabidhiwa funguo. "Si unaendesha malori huko Marekani? Basi kesho utatuchukulia mzigo Arusha." Naendesha malori huko, mwaka wa tisa sasa, na nakuambia kwa moyo wote: uzoefu huo usikudanganye. Lori ninaloendesha kule lina kiti cha upepo kinachomeza mtikisiko na gia za otomatiki, na mara nyingi mzigo nimeukuta umeshapangwa na watu wa ghala. Canter ya mjomba haina hata kimoja kati ya hivyo.

Nililijua hilo njia ya Kibosho. Kiti kilikuwa kimechoka kwenye reli, meno ya kukishikia yamelika. Nilikivuta mbele, nikahisi kimeshika, nikaondoka. Tulipoanza kupanda, saruji ikiwa nyuma, nilikanyaga klachi nibadili gia, na kiti kikateleza hadi mwisho wa reli. Mguu ukatoka kwenye klachi, gari likashtuka na kuzimika, na mguu wa kulia haukuifikia breki. Lilishikiliwa na gia peke yake mpaka nilipoivuta breki ya mkono. Nyuma yetu palikuwa na akina mama wanatoka sokoni kwa miguu. Hadi leo nikikaa kwenye kiti chochote cha gari, kitu cha kwanza ninachofanya ni kukitikisa.

Nawe fanya hivyo. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini imezimwa, vuta kiti mahali unapotaka, halafu jisukume mbele na nyuma kwa nguvu zako zote. Kikicheza, usiondoke. Mara nyingine ni mchanga na mafuta yaliyoganda kwenye reli, vitu vya kusafisha nusu saa. Meno yakiwa yamekwisha, reli ibadilishwe. Na usirekebishe kiti gari likiwa linatembea, hata kidogo, hata kama barabara iko tupu.

Kukaa kwenyewe kuna utaratibu. Toa pochi na simu mfuko wa nyuma, kisha sukuma makalio hadi yaguse mgongo wa kiti. Kanyaga klachi mpaka chini kabisa: goti libaki limekunjika kidogo. Ukilazimika kunyoosha mguu wote, uko mbali. Goti likigusa usukani, uko karibu mno. Klachi ndiyo kipimo chako, kwa sababu ndiyo inayokanyagwa mpaka mwisho kila unapobadili gia. Ukishapata urefu wa miguu, nenda kwenye mgongo wa kiti: mabega yakiwa yameegemea, nyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono kikae juu ya duara lake bila bega kubanduka. Gari likiwa na mfuko wa hewa (airbag) kwenye usukani, kifua kiwe mbali na katikati ya usukani angalau sentimita 25. Kiegemeo cha kichwa kifike usawa wa utosi, siyo shingo. Kikiwa chini, gari likigongwa nyuma, shingo ndiyo inayoumia. Vioo vinakuja mwisho, kwa sababu ukisogeza kiti baadaye vioo vyote vimepotea.

Kwa waliozoea Hilux au gari dogo, Canter itakushangaza. Haina boneti mbele. Unakaa juu ya magurudumu ya mbele, usukani umelala, na mtoto aliyesimama mbele ya bampa humwoni. Zunguka gari kwa miguu kabla ya kuwasha. Waliozoea Marekani au Ujerumani wakumbuke pia kwamba usukani uko kulia, gia ziko mkono wa kushoto, na kwenye magari mengi ya Kijapani indiketa iko kulia. Siku ya kwanza utawasha waipa kila unapotaka kukata kona. Zungukia mitaa ya karibu bila mzigo kwanza.

Sponji ya kiti ikiwa imekufa, usiweke mto wala gunia lililokunjwa. Mto unateleza ukifunga breki, na unakuinua kutoka mahali ulipopima miguu. Mpelekee fundi wa viti akuwekee sponji nzito. Wewe unayetuma pesa nyumbani kwa ajili ya gari, niruhusu nikuombe jambo: kabla ya kulipia redio na rangi, uliza hali ya kiti cha dereva. Yule kijana anakaa pale kutwa nzima kwenye barabara za mawe, na mtikisiko wote unaishia kwenye uti wa mgongo wake. Ulaya wana kanuni ya mwaka 2002 inayowalazimu waajiri kupima mtikisiko unaompata mfanyakazi na kuupunguza ukizidi. Kwetu kazi hiyo tunaweza kuifanya kwa sponji na reli nzima.

Sasa mzigo. Uzito ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu nyumbani tunahesabu nafasi badala ya kilo. "Bado panaenea" ni neno la hatari. Hesabu ni rahisi: mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 40 ni tani 2. Simtanki la lita 1,000 likijaa maji ni tani 1, na likiwa nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji yanakimbia upande ule ule gari linakoelemea. Gunia la mahindi linahesabiwa kilo 100, lakini ukikuta lumbesa, usiamini hesabu hiyo. Limeshindiliwa na kuongezwa kichwa. Tafuta kibao cha uzito, mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango, usome gari limeruhusiwa kubeba kiasi gani, na ukumbuke kwamba dereva, utingo na abiria wa mbele nao wamo ndani ya hesabu. Upepo wa matairi upime yakiwa ya baridi, kabla ya safari.

Ukishajua uzito, kilicho kizito kiende chini na kiegemee ubao wa mbele wa bodi, katikati ya kushoto na kulia. Ukiacha nafasi kati ya mzigo na ubao, siku ya breki ya ghafla mzigo utaifuata nafasi hiyo kwa kasi uliyokuwa nayo. Lakini usirundike vyote nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukianza kupanda Kibosho au Machame mbele kunakuwa kwepesi, na usukani unazunguka bila gari kufuata. Friji isimame, siyo kulala. Mtungi wa gesi usimame pia, ufungwe kwenye bodi. Mtungi usiingie ndani ya kabini. Na ndani ya kabini kwenyewe, chupa ya maji iliyotupwa sakafuni inaweza kuviringika ikakaa chini ya kanyagio la breki.

Kufunga: mwongozo wa serikali ya Uingereza unataka mzigo ufungwe kiasi cha kuhimili nguvu sawa na uzito wake wote kuelekea mbele, na nusu ya uzito huo kuelekea pembeni na nyuma. Friji ya kilo 80 basi ifungwe isiende mbele, kana kwamba umeining'iniza kwenye kamba zako. Kamba ya katani na ya manila zinalegea, na turubai peke yake halishiki kitu, linazuia vumbi na mvua tu. Nunua mikanda ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini wake, minne au sita, uje nayo kwenye begi. Hakuna zawadi nzuri kuliko hiyo kwa mwenye Canter.

Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa lori asimame akague mzigo wake ndani ya maili 50 za kwanza. Maili 50 ni kilomita 80, na Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 hizo hizo. Kwa hiyo safari yetu nzima ni ule muda ambao mzigo unajipanga na kamba zinalegea. Ukitoka soko la Kilombero, simama Boma Ng'ombe, kabla ya mteremko wa Kikavu. Kaza upya kila mkanda, gusa matairi kwa kiganja kama kuna lililochemka, kisha endelea. Mteremkoni shuka na gia ndogo, ile ambayo ungeitumia kupanda. Ukikalia breki zitachemka na kuacha kushika.

Ukivuka Moshi kwenda Himo, kuna mizani. Gari lenye uzito kuanzia kilo 3,500 linatakiwa lipimwe, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Ingia tu.

Lililo gumu kuliko yote ni watu. Utafika njia panda, mama mmoja amekaa na mkungu wa ndizi, anakujua tangu mdogo. "Mwanangu, nisogeze, nitakaa huko juu ya magunia." Shuka. Usimjibu ukiwa dirishani. "Shikamoo mama. Mkungu nipe niubebe, na nauli ya bodaboda hii hapa, lakini juu ya magunia sikuweki." Atanung'unika kidogo. Ndizi zake zifikishe kwanza kabla hujaenda kwenu.

Mkifika, watoto watakimbilia mlango wa nyuma wa bodi. Wazuie. Mlikuwa mnapanda, kwa hiyo mzigo umerudi nyuma na unaegemea mlango huo. Weka mawe kwenye matairi, waambie wote wakae pembeni, fungua komeo moja ukiwa umesimama ubavuni mwa gari, chungulia, ndipo ufungue la pili. Mikanda ifunguliwe mwishoni, mmoja mmoja, kuanzia wa nyuma.