Kabla ya Kumwaga Herufi: Mambo ya Kuzingatia kwa Wachezaji wa Scrabble Mombasa

Kwanza kabisa kubalianeni kamusi, na mkubaliane kabla mtu hajatia mkono kwenye mfuko wa herufi. Ukisikia sauti zimepanda kwenye ubao wa Scrabble, mara nyingi ugomvi si wa pointi, ni wa "hilo si neno". Mashindano mengi ya Scrabble ya Kiingereza nje ya Marekani na Kanada hufuata orodha ya maneno ya Collins, ambayo inakubali COLOUR na COLOR vilevile. Kamusi ya mwanafunzi inafaa kwa mchezo wa watoto, lakini huacha maneno mengi ya nadra, kwa hiyo mkiichagua hiyo kila mtu ajue mapema. Anayejifunzia kwenye Wordle, ule mchezo wa kila siku wa kubahatisha neno la herufi tano, naye ajue kwamba tahajia ya kule ni ya Kimarekani: mwaka 2022 jibu la siku moja lilikuwa HUMOR, na aliyefundishwa HUMOUR darasani alibaki akihesabu visanduku.

Kisha kagueni herufi zenyewe, hasa kama ubao ni wa mtumba. Seti ya Kiingereza ina vipande 100: E ziko 12, S nne tu, na vipande vitupu viwili, vinavyosimama badala ya herufi yoyote. Kuna njia ya haraka ya kujua kama umeuziwa seti ya lugha nyingine. Tafuta K. Ikiwa imeandikwa 5, ni ya Kiingereza. Ikiwa imeandikwa 10, umebeba ya Kifaransa, na hesabu yake ya herufi ni tofauti.

Sasa tuje kwenye Q, maana hapa ndipo watu wa Pwani wanapoacha mali yao njiani. Ina pointi 10, iko moja tu, na wengi wakiishika hukaa kuingojea U kama anayengojea feri ya Likoni saa za jioni. U zenyewe ziko nne tu katika seti nzima. Usingoje. Jifunze QI kwanza, kwa sababu ni herufi mbili na hupenya karibu popote. Halafu kumbuka kwamba maneno mengi ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U yametoka kwenye Kiarabu, na wewe umekua ukiyasikia: QADI, FAQIR, NIQAB, QIBLA, TALAQ, WAQF. Mtoto aliyepita madrasa hahitaji kufundishwa maana ya hata moja. Kazi iliyobaki ni tahajia tu: pale tunapoandika K wao wameweka Q, na irabu ya mwisho mara nyingine hukatwa, kama wakfu na WAQF. Mimi ningeanza mazoezi hapa kabla ya orodha nyingine yoyote.

Orodha ya Collins ina pia maneno yetu wenyewe: SAFARI, BWANA, ASKARI, KANZU, KIKOI, UGALI, MATATU. Wingi wake hufuata Kiingereza, basi ni KANZUS na MATATUS, hata kama sikio linagoma. Lakini usiweke neno la nyumbani kwa kuwa tu unalijua. Lihakikishe mapema, usije ukapingwa na kupoteza zamu.

Maneno ya herufi mbili ni 127 katika toleo la Collins la 2019, na hayo ndiyo yanayoshindisha mchezo kuliko maneno marefu ya kujionyesha. Yagawe kwa herufi ngumu: X ina AX, EX, OX, XI na XU, J ina JA na JO, C ina CH peke yake, V haina hata moja, kwa hiyo ukiweka V ubaoni jua umeziba njia ya jirani yako. Kwa siku ambayo irabu zimekukimbia, weka akiba ya NTH, PST, CWM na RHYTHM.

Zoea pia kupanga herufi zako saba kwenye kibao. Ukiona I, N na G, zisogeze pembeni zikae pamoja, kisha uangalie zilizobaki. Chukua A, E, I, N, R, S, T: humo mna RETAINS, RETINAS, STAINER na NASTIER. Ukitumia zote saba kwa mkupuo mmoja unaongezewa pointi 50.

Mazoezi ya kutafuta maneno kwa programu ya simu yafanyike nyumbani, na ujue unauliza nini. Neno lenye herufi fulani mahali popote, neno linaloanza nazo, na neno linaloundwa kwa herufi hizo tu ni maswali matatu tofauti. Katika programu nyingi alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja, na kinyota badala ya herufi zozote: F?Q?R italeta FAQIR, na *Q italeta SUQ, TALAQ na TRANQ. Pakua orodha ikae ndani ya simu, uichaji mapema, maana stima haina ahadi. Siku ya mchezo simu iwe ya kuamulia ubishi tu, na ikae kwa asiyecheza.

Mkikaa nje barazani, karatasi ya pointi iwekewe kitu kizito, kwa sababu ya upepo. Viazi karai viliwe kabla au baada. Ukwaju na mafuta vikigandia kwenye kipande kitupu, raundi inayofuata kila mtu atakitambua kwa kupapasa tu mfukoni.