Kuitambua nanotyubu ya kaboni kwa mwanga wake: kutoka unga mweusi hadi (6,5)

Nanotyubu ya ukuta mmoja ni tabaka la grafini (karatasi ya atomi za kaboni yenye unene wa atomi moja) lililoviringwa likawa mrija, na namna lilivyoviringwa huandikwa kwa namba mbili, (n,m). Toa m kwenye n: jibu likigawanyika kwa 3 bila baki, mrija una tabia ya metali. Likiacha baki, mrija ni nusu-kipitishi: hufyonza mwanga kwenye urefu wa mawimbi maalumu, kisha hutoa mwanga wa infraredi. Katika unga ambao haujachambuliwa, takriban thuluthi mbili huwa nusu-vipitishi.

Hapa tunafanya kazi na (6,5), yenye kipenyo cha karibu nm 0.75. Unga wa CoMoCAT, unaotengenezwa kwa kichocheo cha kobalti na molibdeni, unayo kwa wingi, na mwanga wake uko mahali ambapo hata spektromita ya kawaida ya maabara inafika.

Kila hatua inayofuata inatumikia lengo moja: mrija ukae peke yake. Ikishikamana matita, nishati ya nusu-kipitishi hukimbilia kwenye mrija jirani wa kimetali kabla haijatoka kama mwanga. Ndiyo maana mng'ao huu ulionekana wazi mwaka 2002 tu, pale kundi la Rice University, Marekani, lilipoivika mirija sabuni mmojammoja majini.

Hatua ya 1: Andaa maji ya sabuni

Yeyusha gramu 0.1 ya sodiamu deoksikolati, chumvi ya nyongo, katika mL 10 za maji. Hiyo ni asilimia 1, karibu mM 24. Tengeneza mL 100 nyingine za akiba, utazihitaji kuzimulia. Hakikisha pH iko kati ya 8 na 9, kwa sababu chumvi hii huganda kama uji mzito pH ikikaribia 7.

Ukiweza kupata maji mazito (D2O), yatumie. Maji ya kawaida hufyonza mwanga karibu na nm 970, jirani kabisa na kilele cha (6,5), na kuanzia nm 1,400 huzuia karibu kila kitu. Funga chupa ya D2O vizuri, maana huvuta unyevu wa hewani.

Hatua ya 2: Pima unga na utawanye

Pima mg 5 za unga ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu na barakoa ya FFP3, inayochuja vumbi laini. Hili usilifanyie haraka: kikomo kilichopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, kwa vumbi hili ni mikrogramu 1 tu kwa mita ya ujazo ya hewa. Lowesha unga kwa sabuni humohumo kabatini kabla ya kuutoa.

Weka chupa kwenye barafu, tumbukiza ncha ya mm 6 ya soniketa (mashine inayotawanya unga kwa mawimbi ya sauti) hadi katikati ya kina, uendeshe dakika 30 hadi 60 kwa mapigo ya sekunde 1 kuwaka na 1 kuzima. Joto lisizidi nyuzi 20. Soniketa ya beseni inafaa kwa shida: inachukua saa nyingi na mavuno ni kidogo.

Usidhani muda mrefu zaidi ni bora. Soniketa hukata mirija. Eksitoni, yaani elektroni na tundu lake vilivyofungamana, husafiri umbali wa kama nm 100 ndani ya mrija, na ikifika kwenye ncha huzimika bila kutoa mwanga. Mrija mfupi una ncha karibu kila upande.

Hatua ya 3: Sentrifyuji

Zungusha kwa g 100,000 (mara 100,000 ya mvutano wa dunia) kwa saa 1. Kama una mashine ya mezani tu, g 20,000 kwa saa 2 inatosha kwa kujifunza, ingawa matita madogo yatabaki. Chota asilimia 80 ya juu kwa pipeti bila kugusa mashapo. Huko chini yamelala matita, mabaki ya kichocheo na vipande vya titani vilivyobanduka kwenye ncha ya soniketa.

Hatua ya 4: Spektra ya ufyonzaji

Zimua hadi kilele cha karibu na nm 980 kiwe na ufyonzaji wa 0.1 hivi kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia) ya sm 1. Zimua kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa maji matupu. Sabuni ikipungua mno, huachia mirija nayo hurudi matita. Kyuveti ya rejea nayo ijae sabuni ileile.

Pima kuanzia nm 400 hadi 1,100. Tafuta vilele viwili: karibu na nm 570 (E22, mruko wa pili wa elektroni, ambao tutauwasha) na karibu na nm 980 (E11, mruko wa kwanza, ambako mng'ao hutoka). Cha pili kiwe chembamba, upana wa nm 20 hadi 30 katikati ya kimo. Kikiwa kipana na kimesogea upande wa mawimbi marefu, rudi Hatua ya 3. Kivimbe kidogo karibu na nm 850 si aina nyingine ya mrija: ni eksitoni ya (6,5) hiyohiyo pamoja na mtetemo wa kaboni.

Hatua ya 5: Ramani ya mng'ao

Spektra moja haitoshi kutaja jina la mrija. Tazama jozi hizi, kwa nanomita:

| (n,m) | E22, unapowasha | E11, unapotoka |
|---|---|---|
| (6,5) | 567 | 975 |
| (8,4) | 589 | 1,111 |
| (7,5) | 645 | 1,024 |
| (7,6) | 648 | 1,120 |
| (9,4) | 722 | 1,101 |

(7,5) na (7,6) huwashwa kwa rangi ileile lakini hutoa tofauti. (8,4), (7,6) na (9,4) hutoa karibu mahali pamoja, ila kila mmoja una rangi yake ya kuwashwa. Namba hizi ni za sabuni ya SDS (sodiamu dodesili salfeti). Sabuni nyingine, au DNA, husogeza E11 kwa nanomita kadhaa hadi 15 hivi, kwa hiyo linganisha mpangilio wa madoa, usitafute namba kamili.

Washa kuanzia nm 500 hadi 800 kwa hatua za nm 5, pima kuanzia 900 hadi 1,400 kwa hatua za nm 5. Ni nukta 6,161, na kwa sekunde 2 kila moja utasubiri karibu saa 3 na dakika 25 ukitumia kihisi cha nukta moja cha InGaAs, kinachoona infraredi. Gawanya kila mstari kwa nguvu ya taa ya wakati huo.

Weka kichujio kinachopitisha mawimbi marefu tu, kuanzia nm 830, mbele ya kihisi. Bila hicho utaona mstari wa mshazari ukikatiza ramani: ni mwanga wa taa unaojitokeza kwenye urefu wa wimbi maradufu, 500 ukionekana 1,000. Doa hafifu karibu na 525 kwenye safu ya 980 ni la kweli, ni E22 pamoja na mtetemo.

Mng'ao ukififia

Kwanza pima pH, hasa kama umetumia SDS. Hewa huleta oksijeni na kaboni dioksidi, pH hushuka, na mirija hupata matundu ya ziada yanayozima eksitoni. E11 hupungua hata kwenye ufyonzaji, mirija mipana ikitangulia. Ongeza NaOH tone kwa tone hadi pH 9, kisha pima tena. E11 ikirudi, tatizo lilikuwa asidi. Ikibaki chini na pana, mirija imeshashikamana: irudishe kwenye soniketa kwa dakika 10, kisha sentrifyuji.