Ganzi ya gego la chini: tafuta mfupa kwanza

Mgonjwa akiruka kitini baada ya katriji (kichupa cha dawa ya ganzi) ya pili, usikimbilie ya tatu. Mara nyingi dawa ipo ya kutosha, ila imemwagwa pasipo neva.

1. Mwambie apanue kinywa mpaka mwisho. Kikiwa nusu, alama zinajificha. Kausha ufizi, paka jeli ya ganzi, subiri dakika moja.

2. Papasa kwa kidole gumba ukingo wa mbele wa taya, nyuma ya magego, mpaka kitulie kwenye bonde lake. Choma kati ya kidole na mkunjo wa nyama uliosimama wima, karibu zaidi na mkunjo, milimita 6 hadi 10 juu ya usawa wa meno ya chini.

3. Bomba la sindano lilale juu ya premola (meno yaliyo mbele tu ya magego) za upande wa pili. Ingiza polepole hadi uguse mfupa. Kwa mtu mzima ni kama milimita 20 hadi 25. Sindano iwe ndefu, na usiizamishe yote. Ikikatika utaishika wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukigusa mfupa mapema, uko mbele mno: rudi kidogo, leta bomba upande unaochoma, songa ndani, kisha lirudishe kwenye premola. Usipougusa kabisa, uko nyuma mno: vuta kidogo, peleka bomba juu ya magego ya upande wa pili. Bila mfupa usimwage dawa. Ikifika kwenye tezi ya parotidi (tezi ya mate iliyo mbele ya sikio), nusu ya uso italegea na mgonjwa atashindwa kufumba jicho kwa saa kadhaa.

4. Rudi milimita moja, vuta pistoni. Ukiona damu, hama. Pasipo damu, mimina mililita 1.5 kwa dakika nzima. Iliyobaki iache njiani ukitoka, ni ya neva ya ulimi. Ufizi wa upande wa shavu unahitaji sindano yake. Ukiisahau, koleo la kung'olea likigusa ufizi huo utasikia kelele.

5. Subiri dakika 5. Muulize kama mdomo wa chini umekuwa mzito mpaka katikati, kisha bonyeza ufizi kwa probu (chuma chembamba cha kupimia), upande wa shavu na wa ulimi. Mdomo haujafa ganzi? Rudia, juu kidogo.

Kuhusu kiasi: katriji ya mililita 1.8 ya lignokeini (dawa ya ganzi) asilimia 2 ina miligramu 36. Kwa mtoto nakomea miligramu 4.4 kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 15 hafikishi katriji 2. Na mama yake aambiwe asimpe chakula hadi ganzi iishe, maana watoto huutafuna mdomo mpaka ukavimba.