Mapambo ya Krismasi kwa Vitu vya Kutupa: Mipira, Nyota na Maua ya Kutengeneza na Mtoto

Kazi hii inamfaa mtoto wa miaka mitano na kuendelea. Ianzeni mapema Desemba, kwa sababu mipira ya karatasi inataka siku tatu au zaidi za kukauka na hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 1: Kukusanya

Wekeni magazeti, madaftari yaliyokwisha, mabomba ya karatasi ya choo, na maboksi ya maziwa au juisi yale yenye rangi ya fedha kwa ndani. Boksi lifunguliwe lote, lioshwe kwa sabuni na likaushwe. Likibaki na maziwa kwenye pembe litanuka, na sisimizi watapanda mpaka juu ya mti.

Hatua ya 2: Gundi ya unga

Kwa kazi ya mtoto, gundi ya unga wa ngano inazishinda zote za dukani. Akiigusa mdomoni haimdhuru, inatoka mikononi kwa maji, na karatasi inaishika vizuri. Gundi ya kukauka papo hapo isiwe mezani kabisa. Inaunganisha vidole kwa sekunde chache.

Vipimo: unga vijiko vitatu vya chakula, maji baridi robo kikombe, maji yaliyochemka kikombe kimoja, siki kijiko kimoja cha chakula.

Anza na maji baridi. Koroga unga humo mpaka uwe laini kabisa, ndipo umimine maji ya moto kidogo kidogo huku mkono hausimami. Ukimwaga maji ya moto juu ya unga mkavu, unga wa nje unaiva papo hapo na kuufungia ule mkavu ndani. Hayo ndiyo madonge, na hayavunjiki tena hata ukoroge saa nzima. Yakishatokea, chuja kwa chujio la chai.

Rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili au tatu. Weupe ulio kama wa maziwa utapungua, gundi itaanza kung'aa na kuganda kwenye mwiko. Ikibaki nyeupe na nyepesi haijaiva: itashika karatasi ikiwa mbichi, kisha ibanduke ikikauka. Epua, tia siki, acha ipoe kabisa kabla mtoto hajaigusa.

Siki inazuia ukungu. Wengi hutia chumvi kwa kazi hiyohiyo, ila kwa mtu wa Pwani sishauri. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kwa joto la Desemba la Mombasa au Dar es Salaam pambo linabaki likinata siku zote. Gundi itengenezwe ya siku moja au mbili tu. Ikinuka uchachu, mwaga.

Hatua ya 3: Mipira

Puliza puto mpaka lilingane na chungwa kubwa. Lipulizwe na mtu mzima, na likipasuka okota vipande vyote. Kipande cha puto kikiingia kooni mwa mtoto ni hatari kweli.

Mtoto achane gazeti vipande vya upana wa sentimita mbili. Achane kwa mkono, asikate kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zinazolala na kushikana, ukingo wa mkasi unaacha ngazi zinazoonekana hata baada ya rangi.

Tabaka la kwanza lichovywe kwenye maji matupu, bila gundi. Karatasi mbichi inajishika yenyewe kwenye puto, na baadaye puto litatoka bila kung'ang'ania. Tabaka la pili ni gazeti na gundi, la tatu ni karatasi nyeupe ya daftari na gundi. Mtoto akiona weupe umefunika maandishi yote, anajua mwenyewe kwamba amemaliza. Kila kipande akipitishe katikati ya vidole viwili kukamua gundi ya ziada, na aache sentimita tatu wazi kuzunguka fundo.

Hapa kwenye kukausha ndipo mipira mingi huharibikia. Tundika kwa uzi, kivulini, penye upepo. Usianike juani: hewa ndani ya puto inapanuka na kupasua karatasi iliyo bado laini, kisha usiku inapopoa puto linasinyaa na kuvuta ukuta ndani, asubuhi unakuta mpira una shimo ubavuni. Baada ya tabaka la pili ngoja siku nzima, na siku mbili baada ya la tatu. Kukiwa na mvua za vuli, ongeza siku. Bonyeza kwa kidole: ukiwa mkavu unalia kama boksi, ukibonyea bado.

Kutoa puto, bandika kipande cha selotepu karibu na fundo, toboa kwa sindano katikati ya selotepu. Hewa itatoka polepole na puto litajibandua. Ukilipasua kwa kishindo, linavuta tabaka la ndani pamoja nalo. Ziba tundu kwa karatasi, ukiacha kitanzi cha uzi.

Hatua ya 4: Nyota za boksi la maziwa

Gundi ya unga haishiki upande wa fedha, kwa kuwa juu yake kuna utando wa plastiki. Usihangaike nayo. Kata nyota mbili za pembe tano zinazolingana, upana sentimita saba. Ya kwanza ipasue kutoka ncha ya juu hadi katikati. Ya pili kutoka kwenye bonde la chini hadi katikati. Mpasuo uwe mwembamba kama unene wa boksi. Mtoto azichomeke, zitasimama zenyewe.

Hatua ya 5: Maua

Bonyeza bomba liwe bapa, kata pete za sentimita moja na nusu, unganisha tano kwa gundi, bana kwa vibanio vya nguo.

Rangi

Manjano ya jikoni, kijiko cha chai kwa vijiko vitatu vya maji, yanatoa njano safi. Mtu mzima akitia magadi kidogo, njano inageuka wekundu wa tofali mbele ya macho ya mtoto. Sehemu hii msiikose. Rangi hii hufifia juani, hivyo mti usikae dirishani.

Kutundika na kuhifadhi

Kama mti wenu wa Krismasi ni mvinje, matawi yake ni membamba, mipira ikae karibu na shina, maua na nyota nchani. Mishumaa isiwe karibu na karatasi hizi.

Baada ya sikukuu, mende ndio adui, maana gundi ya unga kwao ni chakula. Mipira na maua viwekwe vikavu kabisa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Nyota zichomoe, zifute vumbi, zipange bapa ndani ya daftari.