Punda ana soksi nyeupe au kapauka tu? Fuata ngozi

Ndugu zangu wa Dodoma mnaonunua punda wa kubebea maji, hili naliandika kwa sababu liliniumiza. Nilinunua punda mnadani, kwenye karatasi tukaandika kijivu, miguu ya nyuma yote myeupe. Mvua zikaja, majani yakawepo, akaota nywele mpya na ule weupe wote ukaondoka, baadae akapotea na alivyopatikana kijiji cha pili aliyemshika akasoma karatasi akasema huyu sio wako, wako ana miguu myeupe. Alikuwa na haki kusema hivyo. Ilibidi majirani watatu waje kunitolea ushahidi.

Sasa iko hivi, weupe wa kuzaliwa wa miguuni, ndo huo tunaouita soksi, unaanzia kwenye ngozi. Pale penye alama ya kweli ngozi haina rangi, ni pinki, ndo maana nywele zinaota nyeupe pee na kila zikibadilika zinarudi hivyo hivyo. Aliyepauka ni nywele tu zimechoka, kwa jua, jasho au lishe mbovu (madini ya shaba yakipungua mwilini rangi inafifia), ngozi chini bado nyeusi.

Kwa hiyo kwanza osha mguu, maana vumbi letu hili linaweza kumfanya punda yeyote aonekane kavaa soksi. Simama ubavuni usikae nyuma yake, weka mkono kwenye paja uuteremshe taratibu asishtuke, mwagia maji kopo moja na sabuni kidogo, suuza. Nywele zikilowa zinalala zinashikana, hapo pinki utaiona inajitokeza yenyewe, kama bado una wasiwasi panua nywele kwa vidole gumba viwili kinyume na zinavyolala umulike na tochi ya simu.

Halafu angalia mpaka. Alama ya kweli ina mahali inapoanzia, unaweza kuufuata ukingo wake kwa kidole, ila kupauka kunafifia tu, hujui kumeanzia wapi kumeishia wapi. Na punda wetu wa kijivu wengi wana weupe wa asili mdomoni, kuzunguka macho, tumboni na ndani ya mapaja, ngozi yake nyeusi, hiyo usiiandike soksi jamani.

Ukwato nao unasaidia, weupe ukishuka mpaka kwenye ukwato mara nyingi ukwato unakuwa wa rangi ya krimu, au na mstari mweupe pale chini ya alama. Lakini alama ikiishia juu ukwato unabaki mweusi, kwa hiyo usiuamini peke yake.

Kinachodanganya wengi ni kamba. Punda aliyefungwa miguu kwa kamba inayokata anaota pete ya nywele nyeupe kifundoni, kwa sababu kidonda kimeua rangi. Pitisha kidole utasikia ngozi ngumu, ina mkunjo au pana upara. Hilo ni kovu, liandike kovu, litamtambulisha maisha yake yote, na wewe tafadhali mfunge kwa kitu laini, yule mnyama anakubebea madumu manne ya lita 20 kila siku.

Wenye farasi sheria ni ile ile, ila mtoto wa farasi wa hudhurungi anaweza kuzaliwa na miguu iliyopauka kabisa, akibadilisha nywele za utoto inakuwa myeusi, msubirini kwanza. Na farasi wa kijivu anayeendelea kuwa mweupe na umri, mloweshe, soksi zake za kuzaliwa bado ziko pale kwenye ngozi.

Karatasi iandikwe mguu kwa mguu, mfano "nyuma kushoto, nyeupe kutoka ukwatoni mpaka kifundoni, ngozi pinki", na picha ipigwe mguu ukiwa umeoshwa, nje na ndani. Kushoto ni kushoto kwa punda, sio kwako wewe uliyesimama mbele yake.