Jinsi ya kutafuta na kutambua midimu ya asili katika pori la Australia

Ukiishi kusini-mashariki mwa Queensland au kaskazini mwa New South Wales, huenda umeshapita karibu na mdimu wa asili mara kadhaa bila kuutambua. Majani yake ni madogo kuliko ya mdimu tuliouzoea, matawi yamejaa miiba, na mara nyingi umejificha chini ya miti mikubwa. Meli za Waingereza zilipotia nanga hapa mwaka 1788 zikiwa na miche ya michungwa na milimau kutoka Rio de Janeiro, nchi hii ilikuwa na jamii zake yenyewe za Citrus, ukoo wa michungwa, milimau na midimu, nazo bado zipo. Mimi nafanya kazi kwenye kitalu cha miti ya asili, na Waswahili wenzangu huniuliza sana namna ya kuiona miti hii porini. Hizi hapa hatua ninazozifuata.

Hatua ya 1: Chagua mdimu mmoja, kisha ujue makazi yake

Usiingie porini kutafuta "ndimu" tu. Ziko jamii kadhaa, na kila moja ina makazi yake. Mgeni aanze na tatu.

Ya kwanza ni Citrus australasica, ambayo hapa huitwa finger lime. Nitaiita ndimu kidole. Huota kwenye msitu wa mvua wa ukanda wa chini, kuanzia maeneo ya Ballina hadi Mlima Tamborine. Ni kichaka au mti mdogo unaopenda kivuli chepesi. Ya pili ni Citrus australis, ndimu duara, inayopatikana kaskazini zaidi, kuanzia Beenleigh kuelekea Gympie na kwingineko. Huo ni mti hasa, unaweza kupita mita 10. Ya tatu ni Citrus glauca, ndimu ya jangwani, ambayo haina habari na msitu wa mvua. Itafute bara, pande za Roma na St George, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, pamoja na miti ya brigalow na belah.

Kabla ya kutoka nyumbani, fungua Atlas of Living Australia kwenye intaneti uangalie ramani ya mahali mimea hii iliporekodiwa. Tafuta kwa majina ya zamani pia. Mwaka 1914 na 1915 mtaalamu wa mimea Walter Swingle aliitenga midimu hii na Citrus: ule wa jangwani akauita Eremocitrus, na mingine akaiita Microcitrus. Mwaka 1998 David Mabberley aliirudisha kwenye Citrus, lakini vitabu na lebo nyingi bado zina majina ya Swingle. Ukitafuta jina moja tu, nusu ya habari itakupita.

Hatua ya 2: Omba ruhusa

Ndani ya hifadhi ya taifa unaruhusiwa kutazama na kupiga picha. Kuchuma, kukata kijiti au kuchimba mche ni kosa kisheria. Kwenye shamba la mtu, bisha hodi kwanza. Wafugaji wengi wanaijua miti hii tangu utotoni, na swali moja la heshima langoni linaweza kukuokolea kutwa nzima ya kuzunguka. Ukitaka kuchuma kwa ajili ya kuuza, ulizia masharti kwenye idara ya mazingira ya jimbo lako hata kama mwenye shamba amekubali.

Ardhi hii pia ina wenyewe wa tangu zamani. Pande za ndimu kidole ni nchi ya Wabundjalung na Wayugambeh, ambao wamekuwa wakila matunda haya vizazi na vizazi. Ukipata nafasi ya kuzungumza na wazee wao, waite "Aunty" na "Uncle", kama vile nyumbani usingemwita shangazi au mjomba kwa jina lake tupu. Usianze kwa kuuliza mti uko wapi. Kaa, sikiliza, na kama hutaambiwa, basi.

Hatua ya 3: Vaa vizuri

Suruali ndefu, mikono mirefu, buti na glavu za ngozi. Chukua maji, kioo cha kukuzia cha mara 10 na simu iliyojaa chaji. Ukitoka porini jikague mwili mzima, maana pwani hii ya mashariki ina kupe ambaye sumu yake inaweza kumpoozesha mtu.

Hatari ninayoisisitiza kuliko zote ni mti unaochoma, jamii ya Dendrocnide. Una majani mapana, na mkubwa wao, Dendrocnide excelsa, majani yake yana umbo la moyo na mara nyingi yametobolewa na wadudu. Juu yake pana vinywele vya kioo visivyoonekana vizuri, vinavyoingia ndani ya ngozi na kuacha maumivu yanayoweza kurudi kwa majuma. Huota mahali palepale unapotafuta ndimu kidole: kwenye mianya ya msitu na kingoni, jua linapoingia. Jifunze jani hilo kwenye picha kabla hujajifunza jani la ndimu.

Safisha buti zako kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Udongo hubeba vimelea vya kuozesha mizizi kutoka msitu mmoja hadi mwingine.

Hatua ya 4: Tafuta ukingoni

Katikati ya msitu mnene ndimu kidole huzaa kidogo, na kuiona ni shida. Fuata ukingo, kando ya vijito, na nyaya za mipaka ya mashamba. Msitu mkubwa wa kaskazini mwa New South Wales uliojulikana kama Big Scrub ulikuwa na hekta zipatazo 75,000. Ulifyekwa kwa ajili ya malisho na kilimo, na kilichobaki hakifiki asilimia 1. Ndiyo maana midimu mingi leo iko kwenye vipande vidogo vya msitu katikati ya malisho, mahali ambapo dereva anayepita hadhani kuna cha kutazama.

Ukifika, tafuta wadudu kwanza, kisha jani. Kuna nyigu mdogo sana, wa milimita 3 hivi, anayetaga mayai ndani ya vijiti vichanga vya jamii ya ndimu. Kijiti huvimba na kuwa na nundu, na nyigu wachanga wakishatoka, ile nundu hubaki na vitundu kana kwamba mtu ametoboa kwa pini. Nyigu huyo ni mwenyeji wa Australia, na ndimu kidole ndiyo iliyokuwa chakula chake cha asili kabla hajahamia kwenye milimau ya bustanini. Nundu yenye vitundu kwenye kichaka chenye miiba ndani ya msitu ni ishara nzuri sana.

Ishara nyingine utaitambua mara moja kama umekulia karibu na mchungwa. Wale viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege juu ya majani ya mlimau kule nyumbani wana ndugu zao hapa, watoto wa kipepeo mkubwa Papilio aegeus. Mguse kidogo kwa jani kavu: atachomoa vijipembe viwili kichwani na kutoa harufu kali. Ukimkuta, kagua vizuri kichaka alichokalia.

Hatua ya 5: Kagua jani, mwiba na kikonyo

Hapa usifanye haraka. Vunja jani moja la ndimu kidole, pale unaporuhusiwa, uliinue kwenye jua. Utaona vidoto vingi vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Jani lenyewe ni dogo, kwa kawaida sentimita 1 hadi 6, na ncha yake mara nyingi ina kipengo kidogo kama limebanwa kwa ukucha. Kikonyo ni kifupi mno na hakina mabawa. Katika kwapa la jani kuna mwiba mmoja, mwembamba, ulionyooka. Majani hupangana kwa kupishana, hayatazamani.

Mgeni hunusa jani, akipata harufu ya limau anafurahi na kuhesabu kazi imekwisha. Australia harufu hiyo haitoshi. Kuna mkaratusi wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora, na kuna Backhousia citriodora ambao majani yake hutumika kwa chai. Yote miwili ina vidoto vya mafuta pia! Lakini haina miiba, na majani ya Backhousia hutazamana mawili mawili. Kwa hiyo dai mambo matatu kwa pamoja: vidoto, mwiba mmoja kwapani, na majani yanayopishana.

Upande wa pili kuna mimea yenye miiba isiyo na vidoto. Pittosporum multiflorum ndiyo inayopoteza watu wengi: vijani vidogo, miiba, vitunda vya rangi ya chungwa, tena huota kwenye msitu uleule. Inua jani lake kwenye jua, hutaona kidoto hata kimoja. Bara kuna Capparis mitchellii, ambayo watu huiita chungwa la porini ingawa haina undugu wowote na chungwa. Jaribu vilevile kwa jua.

Ndimu ya jangwani ina sura yake tofauti. Majani yake ni membamba, magumu, ya kijivu cha samawati, na ukiyaona kwa mbali hutadhani ni Citrus kabisa. Matawi ya chini yana miiba mikali. Mti ukishapita kimo cha midomo ya wanyama, matawi ya juu huwa hayana miiba au inayo michache. Mizizi yake ikiguswa na jembe hutoa machipukizi, kwa hiyo mara nyingi utakuta kichaka kizima badala ya mti mmoja.

Hatua ya 6: Tenga limau lililotoroka

Queensland imejaa milimau iliyoota yenyewe porini, iliyotokana na mbegu za walowezi. Si ya asili. Majani yake ni mapana, kikonyo kina kiungo kinachoonekana wazi pale kinapokutana na jani, na tunda ni kubwa, la njano, lenye ganda nene la manundunundu. Mti ukiwa na tunda huwezi kukosea. Ukiwa hauna, pima ukubwa wa jani na ukague kile kiungo.

Hatua ya 7: Pasua tunda

Ndimu kidole huiva zaidi kati ya Machi na Juni. Ni ndefu, sentimita 4 hadi 8 hivi, na ganda laweza kuwa la kijani, njano, zambarau, jekundu au karibu jeusi, kutegemea mti. Likate katikati kwa upana kisha ulibane taratibu: punje za duara zitatoka moja moja, kila moja ikiwa na maji yake ndani. Hakuna ndimu ya dukani inayofanya hivyo. Tunda lililoiva huachia tawi kwa kuguswa tu, likikataa, liache. Ndimu ya jangwani huiva kiangazi, majuma machache tu baada ya maua ya Septemba na Oktoba, na vitunda vyake vya sentimita 1 hadi 2 huliwa na ganda.

Hatua ya 8: Uache mti pale ulipo

Mche wa porini ukiung'oa utakufa karibu kila mara. Ukitaka mti wa nyumbani, nunua uliobebeshwa kwenye shina la citrange au Poncirus, jamaa za mchungwa. Huanza kuzaa mapema, wakati wa mbegu unaweza kukuweka miaka mingi. Kama una ruhusa ya kuchukua mbegu, zioshe uzipande zikiwa bado mbichi, kwani zikikauka hupoteza uhai.

Kila mti wa porini una urithi wake, na urithi huo una thamani kubwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, wakiongozwa na Hailing Jin, walitangaza kwamba wamepata ndani ya ndimu kidole protini ndogo inayopambana na bakteria wa huanglongbing, ugonjwa unaomaliza michungwa duniani na ambao sura yake ya Kiafrika ipo Kenya na Tanzania. Mkulima wa machungwa wa Muheza ana sababu ya kutaka kichaka hiki cha miiba kisifyekwe.

Ndiyo maana pia usihamishe vijiti wala majani ya Citrus kutoka wilaya moja hadi nyingine. Ugonjwa wa kansa ya michungwa ulipoingia Emerald, Queensland, mwaka 2004, mashamba yaling'olewa na kuchomwa moto.

Hatua ya 9: Weka rekodi

Piga picha tano: mti mzima, tawi lenye mwiba, jani likiwa juani, ua au tunda, na mazingira. Andika tarehe, aina ya udongo, na miti jirani. Ukipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, chagua kuficha mahali kamili, kwa sababu miti iliyotangazwa huchumwa mpaka matawi yakavunjika. Ukibaki na shaka, Queensland Herbarium, hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyoko Brisbane, hupokea sampuli zilizokaushwa kutoka kwa wananchi. Pale unaporuhusiwa kukata, bana tawi la sentimita 20 kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, na uambatanishe maelezo yako.